Wanaochora kwa Maji na Kivuli

Mchanga wa ufukwe wa Kunduchi, Dar es Salaam, haukuzaliwa baharini. Sehemu kubwa yake ilishuka na mito midogo ya Tegeta na Mbezi wakati wa masika, ikamwagika mlangoni mwa mito, kisha mawimbi ya kusi yakausogeza mchanga huo kuelekea kaskazini, ufukwe hadi ufukwe. Wachimbaji walipoanza kuuchota mtoni kwa malori ili Dar es Salaam ipate matofali, bahari ikakosa cha kujazia pengo, ikaanza kula nchi kavu. Hoteli ya Africana ni miongoni mwa majengo yaliyoathirika. Leo jina lake hutajwa zaidi na makondakta wa daladala kama kituo cha kushukia. Hoteli nyingine zilijikinga kwa matuta ya mawe yanayoingia majini. Lakini tuta likinasa mchanga upande mmoja, jirani wa upande wa pili hukosa.

Mwanafunzi wa usanifu mandhari anayesomea pwani hii hana budi kuanzia hapo. Kiwanja alichopewa kwenye zoezi kina vigingi vinne, lakini kinachokitawala kiko mbali na vigingi: mto uliochimbwa, upepo unaogeuka mara mbili kwa mwaka, mwezi unaoleta bamvua.

Nyumbani hawamwelewi. Akitaja anachosomea, mjomba humwuliza kama kumwagilia ukoka nako siku hizi kunahitaji shahada. Si swali la kubezwa, kwa sababu kazi nyingi zinazoitwa bustani mjini ni ukoka, mawe yaliyopakwa chokaa na michikichi miwili ya mapambo getini. Jibu la mjomba limo katika ratiba ya Chuo Kikuu Ardhi, kilichokuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam tangu 1996 kikawa chuo kikuu kamili mwaka 2007. Pale anayesomea mandhari yumo katika jumuiya moja na wanaosomea majengo, mipango miji na upimaji wa ardhi. Anajifunza udongo na mimea, anajifunza kusoma kontua na kukadiria gharama, na anakesha stadio akikata kadibodi za modeli hadi vidole vinaota sugu.

Hata hivyo, somo kubwa liko nje ya darasa. Mwaka 2015 ulipoanza mradi wa Ramani Huria, wanafunzi wa Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliingia katika kata za Dar es Salaam zinazofurika, wakashirikiana na wenyeji kuchora mitaro, vichochoro na nyumba moja moja. Droni zilipiga picha kutoka juu. Lakini droni haijui maji yalifika dirisha la nani. Hilo hulijua mwenye nyumba. Mbunifu aliyewahi kusimama na mwenye nyumba huyo hatachora tena mtaro kama mstari wa buluu tu.

Ukiacha jiji, ukapita Bunju na Mapinga, Bagamoyo inakusubiri na masomo ambayo hayana mitihani. La kwanza ni Kaole, kusini kidogo ya mji. Msikiti wake unahesabiwa kuwa wa karne ya 13, na makaburi yake yana nguzo za mawe ya matumbawe, moja likiwa limepachikwa bakuli za Kichina. Mbele yake palikuwa na bandari. Mikoko ilisonga, tope likajaa, majahazi yakashindwa kufika, na biashara ikahamia Bagamoyo. Miti hiyohiyo ndiyo tunayoililia sasa itukinge na mawimbi! Msanifu anayekwenda kuipanda anapaswa kujua kuwa mikoko haikai ovyo: mlilana husimama mbele kabisa kwenye maji, mkoko wenye mizizi ya magongo hufuata, mkandaa hukaa nyuma yake, na mchu huvumilia chumvi kali karibu na nchi kavu. Ukipanda mkoko mahali pa mlilana kwa sababu miche yake ni rahisi kuchomeka mbele ya kamera, bahari itaing'oa kabla picha hazijasahaulika.

La pili ni misheni. Mapadri wa Roho Mtakatifu walifika mwaka 1868, na miembe ya njia yao bado inatia giza mchana. Kuna pia mbuyu wao, uliomeza mnyororo ambao Madame Chevalier wa misheni hiyo alikuwa akifungia punda wake. Wageni hupiga picha mnyororo, wakaondoka. Mwanafunzi makini hukaa kwenye miembe. Anapima nafasi kati ya shina na shina, anaangalia matawi yalivyopokeana juu ya njia, anatambua kuwa aliyeipanga hakuipangia haja ya msimu wake. Kisha anapaswa kuuliza nani alishika jembe. Misheni ile ilikuwa makazi ya watu waliokombolewa utumwani, watoto wengi wakiwamo, na mashamba yake yalitegemea jasho lao. Mji ambako misafara ya watumwa na pembe za ndovu iliishia hauwezi kuchorewa kivuli bila kuuliza swali hilo. Mabango mazuri ya makumbusho hayatoshi.

Sasa mpe mwanafunzi huyu ukanda wa pwani kati ya forodha ya Wajerumani ya mwaka 1895 na soko la samaki. Wa kawaida atachora mabenchi, taa na minazi iliyopangwa kama askari. Aliye hodari atakwenda alfajiri, bamvua na maji mafu, ayajue majahazi yanapolala, nyavu zinapoanikwa, mama anayekaanga samaki anapokimbilia jua likipanda, na maji machafu ya soko yanapoelekea. Mchoro wake wa kwanza utakuwa mbaya kuliko wa mwenzake. Utajaa mishale.

Mfano wa kumtia moyo uko ng'ambo, Unguja. Bustani ya Forodhani, iliyotengenezwa kwa jubilei ya Sultani Khalifa mwaka 1936, ilichakaa kabisa kabla ya Shirika la Utamaduni la Aga Khan kuifufua na kuifungua upya mwaka 2009. Watu husifu taa na sakafu. Fundi husifu ukuta wa bahari na mitaro isiyoonekana, pamoja na uamuzi wa kuwaachia wauza urojo na mishikaki nafasi yao ya jioni.

Mwingine uko Bamburi, Mombasa. Mwaka 1971 René Haller alikabidhiwa machimbo makavu ya kiwanda cha saruji, akajaribu aina 26 za miti. Zilizosalia ni tatu, mvinje ukiwamo. Majani ya mvinje hayakuoza, yakalala kama zulia, mpaka Haller alipowaona majongoo wakiyatafuna. Akawaleta kwa wingi. Mavi yao yakawa mwanzo wa udongo, na leo pale ni msitu. Dar es Salaam nayo ina machimbo yake: kiwanda cha saruji cha Wazo, karibu na Tegeta, kinachimba mawe ya chokaa tangu miaka ya 1960. Hapo mwanafunzi hakosi mradi wa mwisho wa shahada.

Baada ya shahada mambo hupungua uzuri. Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi inataka uzoefu, na uzoefu unataka ajira. Katika bajeti ya jengo, mandhari huandikwa mwisho na kukatwa kwanza. Wengine huanzia kwa wakandarasi, kusimamia vitofali vya pevingi ambavyo wangependa viwe nusu yake ili mvua ipate pa kuzama. Lakini upepo unaanza kugeuka: Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 200 mwaka 2022 kwa ajili ya bonde la Msimbazi, na mpango wake unataka sehemu ya chini ya bonde iwe bustani ya jiji, mahali pa mto kutanuka bila kuua watu. Kazi kama hiyo haifanywi na mhandisi peke yake.

Mwalimu mwingine wa kijana huyu ni muuza miche wa Barabara ya Bagamoyo, ambaye kwa uzoefu wa kila siku anajua mche gani unastahimili chumvi na upi hununuliwa mara mbili. Kwake kijana hujifunza bei ya mwarobaini uliokwisha fika kiunoni, na kwa nini mche mdogo hufa Januari, kaskazi ikivuma na ardhi ikikauka. Hesabu hiyo ndiyo anayoipeleka kwa mteja: kifungu cha matunzo ya viangazi viwili, jina la atakayelipa bili ya maji, na mti ukifa, nani anaupanda tena. Mteja hukata kifungu hicho kwanza. Yeye hukirudisha, safari hii pamoja na bei ya kupanda upya bustani nzima.