Sauti za Kati za The Dells

Harvey ni mji mdogo kusini mwa Chicago. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, vijana wa sekondari ya Thornton walianza kuimba pamoja wakijiita El-Rays. Mwaka 1954 walitoa wimbo kwenye lebo ya Checker, nao haukufika mbali. Vipaji walikuwa navyo, ufundi bado. Aliyewanoa ni Harvey Fuqua wa kundi la Moonglows.

Ufundi huo huanzia chini. Chuck Barksdale, mwenye besi, anaweka noti ya msingi ambayo wote wanaisimamia. Juu yake Mickey McGill anashika baritoni, kisha Verne Allison anashika tenori ya pili. Hawa wawili ndio ninaowasikiliza kuliko wote. Sauti ya kati haina mahadhi ambayo mtu ataondoka akiyaimba njiani. Inakaa kwenye noti moja, besi ikihama inateremka kidogo tu, halafu inarudi ilikokuwa. Anayeiimba akiteleza hata kwa unyayo, wimbo mzima unakwenda upande. Asipoteleza, hakuna anayemtaja.

Baada ya noti, pumzi. Moonglows walisifika kwa namna yao ya kuitikia: midomo inakaribia kufungwa, hewa inatangulia, sauti inafuata nyuma yake. Mlio wa “uu” unaotoka hivyo hauna kingo, na kila mmoja anaufinyanga mdomoni kwa umbo lilelile. Mmoja akiachia kinywa zaidi ya wenzake, sauti yake inachomoza peke yake. Kwa hiyo muitikiaji hodari humsikiliza jirani kwanza, kisha hujipima. Hilo halijulikani kwa siku moja. Ni mazoezi juu ya mazoezi.

Mwaka 1956, sasa wakiwa The Dells, walirekodi “Oh, What a Nite” katika lebo ya Vee-Jay, wimbo uliotungwa na wenzao Marvin Junior na Johnny Funches. Ajali ya gari ya mwaka 1958 iliwasimamisha. Waliporudi, Funches hakuwepo. Nafasi ikachukuliwa na Johnny Carter, aliyetoka kundi la Flamingos na sauti nyembamba ya juu kabisa. Kumkaribisha mtu wa namna hiyo si kumwongeza tu. Dari la wimbo linapanda, na walio chini yake hawana budi kujipanga upya.

Matunda yake yamo katika “Stay in My Corner”, uliorekodiwa kwanza 1965 na kurudiwa 1968 chini ya mpangaji Charles Stepney. Wimbo unapita dakika 6, wakati redio zilizoea 3. Marvin Junior, kwa ile baritoni yake nzito yenye mikwaruzo, anaishika noti moja kwa zaidi ya sekunde 10 bila kutetereka. Watu humshangilia yeye, na anastahili. Lakini mwanya wa kuishika ameachiwa na wenzake, ambao hawakimbilii kuujaza.

Watano hao, Barksdale, McGill, Allison, Junior na Carter, walibaki pamoja mpaka Carter alipofariki mwaka 2009. Ni hao hao waliourekodi upya, mwaka 1969, ule wimbo wa 1956. Zisikilize rekodi hizo mbili moja baada ya nyingine: muziki umebadilika, studio imebadilika, hata sauti ya juu ni ya mtu mwingine. Allison na McGill wako palepale katikati, ila sasa pumzi zao zinaanza na kuisha pamoja.