"Usafiri wa Ardhini": Tafsiri Isiyomfikisha Msafiri

Msafiri ashukaye katika kiwanja cha ndege hana haja ya kuambiwa kwamba ameliacha anga. Atakacho ni kujua chombo cha kumfikisha mjini, mahali kisimamapo na nauli yake. "Usafiri wa ardhini" hauyasemi hayo. Tena una ila, kwani mhogo hukua ardhini na maiti huzikwa ardhini, lakini gari hupita barabarani. "Nchi kavu" nayo haifai: hiyo ni kinyume cha bahari.

Watu wa kawaida walikwisha kulitatua jambo hili bila kamati. Nairobi, katika miaka ya 1960, matatu ilipewa jina kwa sarafu tatu za senti 10. Dar es Salaam, katika miaka ya 1980, daladala kwa dala, yaani shilingi 5. Jina lenyewe lilikuwa tangazo la nauli. Nauli zimepanda, majina yamebaki, na ndiyo yaeleweka. Mgeni atokaye Maskati, ajuaye Kiswahili cha nyumbani kwao tu, akisoma "ardhini" hutoka mlangoni asijue lolote, na dereva wa kwanza humtajia bei aipendayo. Kibao kiandikwe "Teksi" na "Daladala", na nauli chini yake.