Reli ya Tanga Ilivyooza na Ilivyofufuliwa

Mombo imekaa mahali ambapo barabara ya Lushoto huanza kupanda milima ya Usambara. Treni ya kwanza ilifika hapo mwaka 1905, miaka kumi na miwili baada ya Wajerumani kuanza kuinua tuta la reli Tanga mwaka 1893. Kutoka Mombo njia iliendelea hadi Buiko, Hedaru, Makanya na Same, ikaingia Moshi mwaka 1911 baada ya kilomita 352. Mwaka 1929 Waingereza wakaisogeza hadi Arusha. Ilibeba mkonge, kahawa, mbao, saruji na watu. Kisha ikafika miaka ambapo pale palipopita kichwa cha treni paliota miti minene ambayo mtoto wa shule asingeweza kuikumbatia.

Watu wakisimulia habari hiyo huanza na treni. Treni ya abiria ilisimama miaka ya 1990, ya mizigo ikafuata katika muongo uliofuata, basi reli ikafa. Mimi naona mpangilio huo umegeuzwa miguu juu. Reli ilikuwa imekwisha kuugua muda mrefu kabla treni ya mwisho haijapita, na ugonjwa wake ulianza siku magenge ya njia yalipopunguzwa.

Reli haifanani na jembe lililotundikwa darini, ambalo siku likihitajika hushushwa, likatiwa mpini na kazi ikaendelea. Inafanana na shamba: ukiliacha msimu mmoja, magugu, misimu mitatu, pori. Kinachotofautisha shamba na pori ni mikono ya watu, na mikono ya reli ni genge. Zamani kila genge lilikuwa na kipande chake cha kilomita chache, na kambi yake kando ya njia, na nyapara aliyekijua kipande hicho kama mkulima anavyojua mipaka yake. Walitembea njia kila siku wakiwa na nyundo, spana, sururu na mtaimbo. Walikaza bolti, walishindilia kokoto chini ya mataruma yanayobeba reli, walifyeka, na walizibua mifereji. Kazi hii ya mwisho ndiyo iliyoonekana duni kuliko zote, nayo ndiyo iliyokuwa na uzito kuliko zote.

Kuanzia Mombo hadi Same reli inapita chini ya milima, Usambara kwanza na Upare baadaye. Kila kijito kinachoshuka kuutafuta mto Mkomazi au Pangani ni lazima kipite chini ya tuta la reli. Ndiyo maana kipande hicho kina makalavati mengi. Kalavati ni tundu la kawaida, lakini maisha ya tuta zima yanalitegemea. Mvua moja ya masika hushusha mchanga, majani na magogo. Genge likiwepo, asubuhi yake watu wanne wenye makoleo wanalizibua. Genge lisipokuwepo, mvua ya pili hukuta tundu limejaa nusu, ya tatu hukuta halipo. Maji hayana adabu ya kungoja. Hupanda, huvuka juu ya tuta, na yakishuka upande wa pili hukwangua udongo hadi reli zikabaki zimening'inia hewani na mataruma yake, kama kamba ya kuanikia nguo. Kazi ya koleo la saa mbili inageuka kazi ya malori na wahandisi.

Hiyo ndiyo hasara inayoonekana. Isiyoonekana ni mbaya zaidi. Chini ya mataruma kuna kokoto, na wengi hudhani zipo kwa ajili ya kupamba njia. Kokoto zina kazi tatu: kutawanya uzito wa treni ili udongo uweze kuubeba, kuyashika mataruma yasisogee pembeni, na kuyapitisha maji haraka. Mawe yakiwa safi, mvua inapita kati yake na kutoweka. Miaka inavyokwenda, vumbi la mawe yaliyosagika, udongo ulioletwa na upepo na majani yaliyooza huziba nafasi hizo. Nyasi zikapata mbolea, mizizi ikafunga kila kitu. Sasa kokoto zinashika maji kama sifongo. Udongo wa chini unalainika, na kila gurudumu linalopita linasukuma tope juu. Hapo reli inazama sentimita mbili upande mmoja na moja upande mwingine, na behewa linaanza kuyumba. Kwa njia yenye upana wa mita moja tu kati ya reli na reli, kuyumba huko si jambo la kupuuza.

Tuhesabu kidogo, kwa sababu hesabu ndiyo inayoonyesha kwa nini mikono haiepukiki. Mataruma yakipangwa kila sentimita 70, kilomita moja inahitaji zaidi ya 1,400. Kila taruma lina vibano vinne vya kulishikilia kwenye reli, kwa hiyo vibano zaidi ya 5,600 kwa kilomita. Reli za vipande vya mita 12 zina viungo kama 166 kwa kilomita, na kila kiungo kina bolti nne. Zidisha kwa kilomita 352 kutoka Tanga hadi Moshi: mataruma ni kama nusu milioni. Mtikisiko wa treni hulegeza bolti. Zilikazwa na watu waliokuwa wakitembea.

Wajerumani walitumia mataruma ya chuma, na uamuzi huo uliiongezea reli hii maisha. Mchwa wa nchi yetu angeyamaliza ya mbao katika miaka michache. Lakini chuma nacho kina adui zake. Karibu na pwani, hewa yenye chumvi hukila pale reli inapokalia na pale kibano kinapoingia, yaani mahali penye kazi nzito. Bara, ambako kutu ni ya polepole, adui alikuwa mzani wa mnunuzi wa vyuma chakavu. Taruma la mbao lililokwisha oza halina mnunuzi. La chuma linaye, na njia isiyo na nyapara ni ghala lisilo na mlinzi.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hulisahau, nalo ni jua. Chuma kikipashwa moto hurefuka. Reli ya mita 12 ikipanda joto kwa nyuzi 30 kati ya alfajiri na saa nane mchana, inarefuka kama milimita 4. Si kitu, utasema. Lakini kwa kilomita moja ya reli ni sentimita 34, na urefu huo lazima upate pa kwenda. Wajenzi waliacha nafasi ndogo kwenye kila kiungo, na genge lilikuwa likifungua viungo, likivipaka grisi na kuvifunga tena ili reli ziweze kuteleza. Kiungo kikishikwa na kutu, reli haitelezi. Kama wakati huohuo kokoto za pembeni zimekwisha kumomonyoka, hakuna kinachoyazuia mataruma. Mchana wa jua kali njia hujipinda kama nyoka, hata kama hakuna treni iliyopita wiki nzima. Kwa hiyo nikisikia mtu akisema reli iliyosimamishwa haiharibiki kwa kuwa haitumiki, namwomba aende Hedaru mwezi Februari saa nane.

Sasa tuangalie jinsi uchakavu unavyomfukuza mteja. Mhandisi akiona kipande kimelegea hutoa amri ya mwendo pole, na anafanya sahihi, maana kinyume chake ni treni kuacha njia. Chukua mfano wa treni inayokwenda kilomita 40 kwa saa kutoka Tanga hadi Moshi. Itatumia chini kidogo ya saa tisa. Ukiweka amri ya kilomita 10 kwa saa kwenye kilomita 50 tu kati ya hizo 352, safari inazidi kidogo saa kumi na mbili na nusu. Mwenye saruji au mbolea hasomi taarifa ya njia; anachoona ni kwamba lori limefika na treni haijafika. Anahamia kwenye lori. Mapato yanashuka, na mapato yakishuka kitu cha kwanza kukatwa ni mishahara ya watu wanaofyeka nyasi, kwa sababu wakiondoka leo, kesho treni bado inapita. Inapita hata mwaka mzima. Adhabu inakuja baadaye, wakati aliyekata mishahara amekwisha kuhamishwa.

Mkonge nao ulichangia anguko hilo. Dk. Richard Hindorf aliuleta mwaka 1893, mwaka uleule tuta lilipoanza, na reli na mkonge vikakua pamoja kama pacha. Kamba za plastiki zilipoangusha bei yake, reli ilipoteza mzigo wake mkubwa. Sitaki kuipuuza sababu hiyo, ila sikubali kwamba inatosha. Tazama tawi la Kaliua hadi Mpanda, kilomita 210, lililojengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya mgodi wa risasi wa Uruwira. Miaka ya 1960 ilipoanza mgodi ulikuwa umefungwa. Reli iliendelea kuishi kwa miongo mingi ikibeba watu, mahindi na mpunga, kwa sababu watu wa Mpanda hawakuwa na barabara ya kutegemea na njia iliendelea kupata mikono. Kukosa mzigo kunaidhoofisha reli. Kukosa genge kunaiua.

Upande wa pili wa mizani uko Kahe, ambako reli ya kutoka Voi kupitia Taveta iliungana na hii ya Tanga. Ilijengwa kwa haraka ya vita mwaka 1915 na 1916. Shirika la Reli la Afrika Mashariki lilipovunjika mwaka 1977 na mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa, tawi hilo lilipoteza nusu ya maana yake kwa mkupuo. Njia inayoishia kwenye mpaka uliofungwa haina wa kuitetea mezani bajeti inapogawanywa.

Utetezi mezani ndio uliokosekana Tanga pia. Mwaka 2007 uendeshaji ulikabidhiwa kampuni ya TRL, ambayo RITES ya India ilikuwa na hisa 51 kwa mia, wakati mali ya njia ilibaki kwa RAHCO, kampuni ya serikali. Mkataba ulikuwa wa miaka 25 na haukumaliza mitano. Kwa maoni yangu tatizo halikuwa uraia wa mwekezaji. Tatizo lilikuwa kumtenganisha mwenye njia na mwenye treni kwenye reli isiyo na faida ya kugawana. Katika reli kuu kila mmoja ana sababu ya kuamka asubuhi. Katika tawi lililonyamaza, kila mmoja anamngoja mwenzake azibue kalavati. Sheria ya mwaka 2017 iliyowaunganisha tena chini ya Shirika la Reli Tanzania (TRC) ilikuwa hatua ya kiufundi kama ilivyokuwa ya kisheria.

Na matunda yake yalionekana upesi. TRC ilitumia wahandisi na mafundi wake yenyewe. Walifyeka pori, walirudisha mataruma na reli zilizokosekana, walitengeneza madaraja na makalavati, wakashindilia kokoto upya. Julai 2019 treni ya mizigo ilifika Moshi. Desemba mwaka huo ikafuata ya abiria kutoka Dar es Salaam, ikipita kiungo cha Ruvu na Mruazi kilichofunguliwa mwaka 1963. Oktoba 2020 ikaingia Arusha, na miongoni mwa watu waliojaa stesheni kuipokea walikuwamo waliozaliwa baada ya ile ya mwisho kuondoka.

Kazi hiyo iliwezekana kwa sababu moja ambayo haisifiwi vya kutosha: hakuna aliyeing'oa njia. Tuta lilibaki, nguzo za madaraja zilibaki, na ardhi ya reli ilibaki ya reli hata pale ilipovamiwa. Linganisha na reli ya kusini, kutoka bandari ya Mtwara hadi Nachingwea, iliyojengwa kwa ajili ya mpango wa karanga ulioanza mwaka 1947. Karanga zilishindwa, na katika miaka ya 1960 reli ziling'olewa. Huko hakuna cha kufyeka wala kushindilia. Anayetaka treni Nachingwea leo ataanza na ramani.

Lakini ufufuaji si uponyaji. Njia iliyofufuliwa ni ileile nyepesi ya zamani, na milima ya Usambara na Upare bado inashusha maji yaleyale, tena yenye mchanga zaidi kwa kuwa miteremko mingi imelimwa. Fedha za kufufua hutoka mara moja, zikiwa na utepe wa kukatwa na picha za magazetini. Fedha za magenge hutakiwa kila mwezi bila picha yoyote. Ndizo ninazozililia hapa. Ningepewa shilingi ya kwanza ya bajeti ya njia hii, nisingeipeleka kwenye rangi ya behewa wala kwenye viti. Ningeipeleka kwa watu wanne wenye makoleo, kila kilomita chache, waajiriwe kudumu na wapewe nyumba kwenye zile kambi ambazo kuta zake bado zimesimama.

Masika ya kaskazini huanza Machi. Makalavati kati ya Mombo na Same yanatakiwa yawe yamezibuliwa kabla Februari haijaisha.