Kalamu ya Afande

Ukisoma maelezo ya mashahidi yaliyomo kwenye majalada ya kesi siku hizi, utadhani Watanzania wote tumelelewa na mama mmoja. Mvuvi wa Sahare, mwalimu mstaafu, kijana wa bodaboda, bibi asiyejua kusoma: wote "wanakumbuka mnamo tarehe" fulani "majira ya saa" fulani, wote walikuwa "wakiendelea na shughuli zao za kila siku", na wote ghafla wakamwona mtuhumiwa "wanayemfahamu kwa sura na jina". Hakuna anayesitasita. Hakuna anayesema alikuwa anatoka chooni.

Mjomba wangu hakuandika hivyo. Alistaafu akiwa sajini meja, cheo ambacho hakimpi mtu jina la barabara, na hakuna jambazi maarufu aliyemtia pingu. Alichokuwa nacho ni kipaji cha kumkalisha mtu kwenye benchi, kumsikiliza hadi amalize, kisha kuyaweka maneno yake kwenye karatasi yakiwa bado ni maneno yake. Atakayebisha kwamba huo ni ufundi hajawahi kusimama kizimbani akasomewa jambo asilolisema.

Utotoni niliishi naye kota, Tanga, nikisoma shule, na jioni nilitumwa kumpelekea chakula kituoni akiwa zamu ya usiku. Ndiyo maana nilimwona kazini mara nyingi kuliko watoto wengi wanavyowaona wazazi wao. Mlalamikaji akifika, kitu cha kwanza alichofanya mjomba ni kuilaza kalamu. "Anza pale unapoona ndipo pa kuanzia," alisema. Na watu, kama tujuavyo, huanzia mbali. Mama aliyeibiwa mbuzi ataanza na mahari ambayo shemeji yake hakumaliza kulipa. Askari wengine hapo humkatiza: twende kwenye tukio, mama. Mjomba alimwacha, maana mara nyingi mbuzi yuko humo humo ndani ya mahari.

Swali lake lilikuwa moja: "Halafu?" Alilitamka bila haraka na bila kukunja uso, na baada yake alinyamaza mpaka mwenziwe aongee tena. Hakuuliza "Alikupiga?", kwani ukimuuliza mtu hivyo, alisema, umeshampa mwingine fimbo ambayo pengine hakuwa nayo.

Ndipo akaichukua kalamu. Mwandiko wake ulikuwa mkubwa, umelalia kushoto, na mistari yake haikuacha mwanya wa mtu kuchomeka neno baadaye. Mstari ukiishia katikati, nafasi iliyobaki aliipiga mstari mpaka ukingoni. Neno lililokosewa hakulifuta wala kulichafua kwa wino. Alilikata kwa mstari mmoja ili lizidi kusomeka, na mwenye maelezo akatia sahihi au dole gumba pembeni. Bibi akisema "alinikanyagakanyaga", liliandikwa hilo hilo, si "alinishambulia". Mlevi akisema hakumbuki, iliandikwa kwamba hakumbuki.

Lakini ufundi wenyewe ulionekana wakati wa kusoma. Aliyaanza maelezo juu kabisa, polepole, jicho moja kwenye karatasi na jingine usoni kwa mtu. Usiku mmoja mzee wa mashambani alimwinulia mkono katikati ya sentensi. "Sikusema alikimbia, afande. Nilisema aliondoka." Mjomba alirudi nyuma, akalitafuta neno, akalikata, akaandika "aliondoka" juu yake, akamsogezea mzee kidau cha wino wa dole gumba. Kisha akaanza kusoma upya, tangu mwanzo. Nilikuwa nimeshika sufuria la wali linapoa na sikuelewa fujo yote ile ni ya nini. Sasa naelewa kwamba kati ya aliyekimbia na aliyeondoka panaweza kuwa na miaka ya gereza.

Haya si mambo aliyoyabuni. Alijiunga na Jeshi la Polisi mwishoni mwa miaka ya 1960 na kupitia shule ya polisi ya Moshi kama wenzake wote. Baadaye Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 ikayaandika: mtuhumiwa anayehojiwa aoneshwe kilichoandikwa, asome au asomewe, aulizwe kama anataka kusahihisha au kuongeza, na muda wa kawaida wa kumhoji ni saa 4 tangu anaposhikwa. Mjomba aliposikia hilo la saa 4 alisema ni nyingi kwa mwongo na chache kwa mkweli. Sheria iko mpaka leo. Mwenye subira ya kusoma upya tangu mwanzo ndiye sijui tumpate wapi.

Sitaki nilipake Jeshi zima asali. Polisi ya Tanganyika iliyoundwa na Waingereza mwaka 1919 haikuundwa ili kumsikiliza mtu mweusi, na makao yake makuu ya kwanza yalikuwa Lushoto kabla ya kuhamishiwa Dar es Salaam mwaka 1921. Mjomba, Msambaa wa huko huko, alipenda kutukumbusha habari ya Lushoto kana kwamba babu yake ndiye aliyewapa kiwanja. Virungu vilikuwapo enzi za mkoloni, vilikuwapo enzi zake, na alijua kilichotendeka katika vyumba vingine. Maelezo ya namna hiyo aliyaita maelezo ya fimbo, akakataa kuyatia sahihi yake. Zaidi ya hapo hakupaza sauti, na mimi namhesabia hilo pia.

Mara moja kalamu yake ilimgharimu. Ilikuwa 1983, mwaka wa vita dhidi ya uhujumu uchumi, Waziri Mkuu Sokoine akiwa mstari wa mbele, watu wakitupa bidhaa usiku kwa kuogopa kukutwa nazo. Aliletwa mwenye duka mmoja aliyekutwa na katoni za sabuni chini ya kitanda. Mtu yule akasema sabuni ni za arusi ya binti yake, na mjomba akaandika kwamba ni za arusi ya binti yake. Mkubwa mmoja alitaka isomeke kwamba amekiri kuficha. Mjomba akamjibu kuwa karatasi ni ya aliyeongea, afande, si yangu wala yako. Miezi michache baadaye ukaja uhamisho wa Kigoma. Yeye mambo hayo mawili hakuyaunganisha kamwe. Aliyeyaunganisha ni mkaza mjomba, tena kila alipokaa kukuna nazi.

Kwa hiyo wakahama, kwa treni, na magodoro yao na watoto wao waliozaliwa kila mmoja mkoa wake. Kitinda mimba alizaliwa huko Kigoma.

Nyumbani alikuwa afande yule yule, bila kofia. Watoto wakigombana aliwaita mmojammoja uani, kila mmoja akaketi kwenye kigoda na kuambiwa aanze pale anapoona ndipo pa kuanzia. Hakukuwa na karatasi, lakini alikusomea maelezo yako kwa kichwa, neno kwa neno, na kukuuliza kama kuna la kurekebisha. Hakuna adhabu iliyotuumiza kama kuusikia uongo wetu wenyewe ukisomwa kwa sauti ya upole. Miaka mingi baadaye mkwewe alikuja kumshtaki mke wake. Akakaribishwa, akapewa chai, akaulizwa "Halafu?" mpaka chai ikaisha na mashtaka yakawa yamemgeukia mwenyewe. Akaaga, akaenda kumchukua mkewe.

Alipostaafu alinunua nyumba Ngamiani, Tanga, na baraza yake ikawa ofisi. Walikuja wa mirathi, wa mipaka ya viwanja, wajane wa kufuatilia mafao. Aliwaandikia barua zao kwa maneno yao. Malipo hakutaka, ingawa papai hakulikataa.

Siku hizi taarifa ya kitu kilichopotea unaijaza mtandaoni, na sina ugomvi na hilo. Kitambulisho kilichopotea hakina hadithi ndefu. Ugomvi wangu ni na mahali palipo na hadithi. Si zamani nilikwenda kituo kimoja kueleza jambo nililoliona, na kijana mpole kabisa aliyekuwa na foleni mlangoni alikuwa ameshaanza kuandika kabla sijamaliza sentensi ya pili. Nilipofika kwenye lile nililoliona, yeye alikuwa ameshafika kwenye sahihi. Hakunisomea. Nilipoomba karatasi niisome mwenyewe, nikajikuta "nakumbuka mnamo tarehe". Wala tusiwaonee askari peke yao. Sisi tulioko nje tunamhukumu mtu kwa video ya nusu dakika iliyokatwa kichwa na miguu, tunaisambaza kabla ya kuimaliza, na hakuna kati yetu anayeuliza halafu.

Mjomba alizikwa milimani kwao, mvua ikinyesha. Wasifu wa marehemu ulisomwa kanisani na kijana wa ukoo aliyeuandaa usiku kucha kwa simu, na nadhani aliuchukua kwenye msiba mwingine akabadilisha majina, kwa sababu ulikuwa na sentensi zote za wasifu tunazozijua: alikuwa nguzo ya familia, alipenda watu wote, pengo lake halitazibika. Vituo vyake vya kazi vilitajwa haraka haraka. Songea ilikuwamo. Mwanza, ambako hakuwahi kufanya kazi, nayo ilikuwamo. Kigoma haikutajwa. Yule kitinda mimba, mwanamke mtu mzima sasa, alikuwa benchi la mbele na mama yake, na niliona wametazamana.

Msomaji hakuuliza kama kuna la kurekebisha. Kabla jeneza halijatoka kanisani karatasi ilikuwa imeshapigwa picha na kutumwa kwenye kundi la ukoo, chini yake poleni zikifuatana. Nakala ndiyo hiyo wajukuu watakayoikuta, na kwa mujibu wake babu yao hakufika Kigoma.