Kinyota Mbele ya Mfalme

Ukifungua kamusi ya asili ya maneno utakuta *kuningaz, "mfalme", limetanguliwa na kinyota. Kinyota hicho kinakujulisha kwamba neno hilo halijaonekana katika maandishi yoyote. Wanaisimu wamelifikia kwa kulinganisha wajukuu wake. Lugha mame ya Kigermanik, iliyozaa Kiingereza, Kijerumani na Kiswidi, ilisemwa kusini mwa Skandinavia na jirani zake yapata miaka 2,000 iliyopita, na wasemaji wake hawakuacha vitabu.

Kiingereza cha kale kina cyning, Kijerumani cha kale kuning, Kinorsi cha kale cha Skandinavia konungr. Konsonanti zinakubaliana. Ugomvi uko kwenye irabu ya kwanza, na hapa kupiga kura hakusaidii. Katika Kiingereza cha kale, u iligeuka y kila silabi iliyofuata ilipokuwa na i. Basi y yenyewe inaishuhudia u.

Lakini -az ilitoka wapi, ikiwa Kinorsi kimebakiza r tu na wenzake hawana kitu? Pembe ya dhahabu iliyofukuliwa Gallehus, Denmark, mwaka 1734 ilichorwa herufi za runi takriban mwaka 400, na mojawapo ya maneno yake ni holtijaz, lenye -az hiyohiyo mwishoni. (Mwizi aliiyeyusha pembe hiyo mwaka 1802; leo tunasoma nakala zilizochorwa kabla ya hapo.)

Shahidi ninayemwamini zaidi, hata hivyo, si ndugu wa ukoo huu kabisa. Wafini walilikopa neno hilo zamani sana, na mpaka leo mfalme wao ni kuningas. Kifini hakikuwa na z, kikaweka s. Mengine yote kikayaacha kama yalivyokuwa. Mdenmark Vilhelm Thomsen aliichambua mikopo ya namna hii mwaka 1869. Pete nayo ni rengas, yenye e ya kale kuliko i ya ring ya Kiingereza na Kijerumani.

Maana ni suala jingine. Shina ni *kunją, "ukoo", lenye udugu na genus ya Kilatini: g ya kale iligeuka k, kama kanuni ya Jacob Grimm ya 1822 inavyoeleza. Ila je, mfalme alikuwa mtoto wa ukoo bora, au msemaji wa ukoo? Sauti haziamui hilo. Biblia ya karne ya 4 ya Kigothi, lugha nyingine ya Kigermanik, haina neno hili. Mfalme humo ni thiudans. Nao Walithuania waliolikopa wanasema kunigas, na kwao leo huyo ni padri.