'Mwangwi' haufai katika fizikia ya mwanga

Wapo wanaoeleza fizikia kwa Kiswahili na kutafsiri resonansi kuwa 'mwangwi'. Wiki hii ninaipinga tafsiri hiyo, hasa katika nadharia ya jinsi molekuli zinavyotawanya mwanga.

Mwangwi ni sauti inayogonga mwamba ikarudi. Mwamba haujali nani kaita. Aite mtoto au mzee, hurudisha tu. Resonansi, kinyume chake, huchagua. Hapa Bokoli tuna litungu, ala ya Wabukusu yenye nyuzi saba. Hebu kaza nyuzi mbili zilingane sauti, kisha ucharaze moja. Ile ya pili nayo itatetemeka, ilhali zilizotofautiana nayo zitabaki karibu kimya.

Molekuli nazo ndivyo zilivyo. Mwaka wa 1928, kule India, C. V. Raman na K. S. Krishnan walionyesha kuwa sehemu ndogo mno ya mwanga unaotawanywa hutoka ikiwa na rangi iliyobadilika, aghalabu kwa sababu molekuli imebakiza nishati kidogo ya kutetemeka. Tayari mwaka wa 1925 Kramers na Heisenberg walikuwa wameandika fomyula ya mtawanyo huo. Humo tunagawanya kwa tofauti kati ya nishati ya mwanga na ile inayohitajika kupandisha elektroni za molekuli ngazi. Kigawanyo kikipungua, jibu hukua. Basi nishati hizo zikikaribiana, mtawanyo huweza kuongezeka mara elfu kadhaa. Ndiyo maana ukimulika karoti kwa leza ya kijani, karotini inayoipa rangi hujitokeza waziwazi, huku maji na sukari zikinong'ona tu.

Sasa, mwanafunzi aliyepewa 'mwangwi' ataelewaje kwamba rangi ya leza ndiyo inayoamua? Atadhani molekuli ni ukuta. Shuleni anasoma sayansi kwa Kiingereza. Akija kwetu kutafuta ufafanuzi, tusimwongezee kiza.

Mimi napendekeza 'mwitikio wa mtetemo'. Anayeitika ni yule aliyeitwa kwa jina lake. Eti 'mwitikio' tayari lina kazi katika biolojia? Ni kweli, na ndiyo sababu nimeongeza 'wa mtetemo'. Isitoshe, nadharia hii inahusu hasa mwanga ulio karibu na kiwango hicho. 'Karibu na mwitikio' inaeleweka. 'Karibu na mwangwi' ni wapi?