Riwaya ya Marafiki wa Chuo: Mtazame Anayeuguza

Riwaya za marafiki waliokutana chuoni na kuzeeka pamoja hazikosi misiba: saratani, talaka, ulevi, kifo cha mtoto. Msiba humliza msomaji hata pale mwandishi alipolegea, kwa hiyo machozi si kipimo. Ukitaka kuujua ufundi, mwache kwanza anayeumwa, umtazame anayemuuguza.

Msaada una gharama? Katika riwaya dhaifu, simu ikilia usiku wote hufika. Nauli ipo, na hakuna mwenye zamu kesho yake. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na hadithi imeishia hapo. Fundi huuliza zaidi: huyo aliyefaa alipungukiwa na nini, na uwezo wake uliishia wapi? Mary McCarthy, katika *The Group* (1963), anawafuata wanawake wanane waliomaliza Vassar, Marekani, mwaka 1933. Mmoja wao, Kay, anapofungiwa katika wodi ya wagonjwa wa akili kwa hila ya mumewe, anayemkuta ni Polly, mwenzake wa chuo anayefanya kazi hospitalini humo, aliyeingia chumbani kumpima kama mgonjwa mwingine yeyote. Polly ana huruma tele, ila hana mamlaka ya kumtoa. Pengo hilo ndilo linaloibeba sura nzima.

Kinyongo kinabaki? Wanaojuana sana wanajua pia pa kuchoma. Katika *A Little Life* (2015) ya Hanya Yanagihara, JB, mchoraji aliyezama kwenye dawa za kulevya, anamwigiza rafiki yake Jude anavyochechemea, mbele ya marafiki waliokuja kumwokoa yeye JB. Baadaye anaomba radhi, lakini urafiki haurudi ulivyokuwa. Jihadhari na kitabu ambamo ugomvi wa miaka kumi unaisha kwa kukumbatiana kando ya kitanda cha hospitali.

Miaka inapitaje? David Nicholls, katika *One Day* (2009), anawakutanisha Emma na Dexter usiku wa mahafali yao Edinburgh, 15 Julai 1988, kisha anarejea kwao tarehe hiyohiyo mwaka baada ya mwaka. Mengi hutokea katikati, nasi tunayang'amua kwa namna wanavyosalimiana. Mwandishi asiyejiamini hukusimulia kila harusi na kila uhamisho wa kazi.

Misiba imegawanywa kwa zamu? Ukiona kila rafiki amepewa janga lake na sura yake, umeshika ratiba. Maishani, wawili huanguka wiki moja, na wa tatu hulazimika kuchagua aende kwa nani.

Dukani, kabla ya kulipa, tafuta kurasa zisizo na mgonjwa wala maiti: marafiki wanakula, wanabishania bili, wanamsengenya asiyekuwepo. Ziba majina. Ukiweza kumtambua msemaji kwa maneno yake, na ukatamani kuendelea kuwasikiliza, nunua.